Nilipoacha Sigara Kweli, Hakuna Aliyeniamini

Wiki jana niliwaacha nikiwa nimelala chali kwenye kitanda cha Daktari Qiu, sindano tisa mwilini, nikiapa kwa marehemu mama yangu kwamba safari hii sidanganyi. Yupo msomaji wa Neijiang aliyeniandikia kwamba marehemu nimeshamwapia mara nne tangu hadithi hii ianze, sasa nimwache mama wa watu apumzike.

Amehesabu vizuri.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, mimi ni Luo Dequan, umri wangu hamsini na tisa, mstaafu wa boila la kiwanda cha chumvi hapa Zigong. Sigara nimevuta miaka arobaini na moja. Binti yangu wa pekee, Yaqin, amejifungua mtoto wa kike wiki tano kabla ya siku zake, kitoto kilo mbili kasoro, mapafu kama ya kuazima. Daktari wa watoto alisema moshi usimsogelee, hata ule uliolala kwenye nguo. Alipotamka neno moshi, ukoo mzima uligeuka kunitazama.

"Baba," Yaqin aliniambia, "humshiki Mianmian mpaka kipimo kiseme."

Kipimo chenyewe ni kidude cha kushika mkononi. Unakipulizia, kinasoma moshi uliobaki kwenye pumzi yako. Ukipata sita kushuka chini, wewe ni babu. Ukizidi hapo, wewe ni bomba la kiwanda.

Na siku zenyewe zilikuwa zinanikimbia. Kwetu mtoto akitimiza mwezi ananyolewa nywele za kwanza, na anayempakata wakati ananyolewa ni mjomba wake. Yaqin hana kaka. Kiti kile ni changu mimi, baba yake. Nikishindwa kipimo, kinakwenda kwa mkwe mwenzangu, Mzee Shen, mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu ambaye tangu azaliwe hajavuta kitu ila pumzi. Nilishasikia kwamba amenunua shati jipya.

Aliyenipeleka kwa Daktari Qiu ni mke wangu, Xiulan, hata kabla mtoto hajazaliwa. Xiulan ni mjitolea wa kamati ya mtaa. Huvaa kitambaa chekundu mkononi, akapita vibarazani akiwaambia wanaume wazime sigara zao. Wanazima. Mimi mwenyewe nilishawahi kuzimiwa mbele ya marafiki zangu kama mtoto wa shule.

Daktari Qiu ana dawa mbili kwa pamoja. Moja ni plasta ya nikotini, unaibandika begani kila asubuhi. Nyingine ni sindano, zile nyembamba kama unywele, mara mbili kwa wiki, masikioni na mikononi. Iko moja ya kifundo cha mkono ambayo ikikaa sawasawa, sigara inakuwa na ladha ya sarafu iliyolambwa. Halafu anakubandika punje za mbegu masikioni uende nazo nyumbani, uzibonyeze hamu ikikushika.

"Plasta inatuliza damu, sindano zinatuliza moyo," aliniambia siku ya kwanza. "Ukichukua moja ukaacha nyingine, ni kula tambi kwa kijiti kimoja."

Nikachukua zote mbili, na sigara nikaendelea nazo. Hayo mlishayasoma. Nilivua plasta, nikavuta, nikaibandika tena. Jioni ya kuamkia kipimo nilijizuia, kesho yake nikapuliza nne, nikapigiwa makofi. Nilificha pakiti kwenye pipa la mchele. Zikawa zinatoweka. Xiulan hakuniuliza hata siku moja, nami nikasema moyoni, mwanamke huyu ana stara, anazitupa kimyakimya asinivunjie heshima.

Kisha Mianmian akazaliwa. Siku ya saba nilimwona nyuma ya kioo cha hospitali, ndani ya kisanduku chake, kifua kinapanda na kushuka kwa shida. Pumzi yangu ikatia ukungu kwenye kioo, nikawa simwoni tena. Nilipangusa kwa mkono wa koti, na koti likaacha kioo kinanuka tumbaku hata muuguzi akasogea pembeni. Niliona haya ambayo sijawahi kuyaona maishani mwangu.

Tangu siku hiyo sijavuta. Siku ishirini na mbili. Nawaambia ninyi kwa sababu nyumbani hakuna anayenisikiliza.

Haya, turudi kwenye Ijumaa, siku ya kipimo cha mwisho. Kipimo saa nane mchana, sherehe ya mwezi kesho yake.

Asubuhi Xiulan alinikuta nabandika plasta. Kila nikifungua boksi jipya mimi huandika namba juu ya plasta zote kwa kalamu ya wino, nisije nikasahau siku. Siku hiyo nilikuwa nimechanganyikiwa.

"Xiulan, hii boksi ina kasoro. Kumi na tisa haimo. Na kumi na tano nayo haikuwemo."

"Ulizibandika ukasahau."

"Nimebandika kumi na nane, nikaruka ishirini? Mimi si mlevi."

"Mzee Luo, mtu aliyesahau siku ya harusi yake mara tatu anataka kubishana na mimi juu ya plasta?" Alikuwa anatafuna ganda la chungwa, tabia aliyoianza mwaka huu. Anasema linasaidia tumbo. "Mimi nakwenda kwa Yaqin kumwogesha mtoto. Wewe peleka nyama yako kwenye moshi, na usiniletee mbichi katikati. Kesho watu watakula nini?"

Nyama ni kilo kumi na mbili za nguruwe, imelala kwenye chumvi na pilipili wiki nzima. Mwaka unapokaribia kwisha kila nyumba hapa hukausha nyama yake kwa moshi wa matawi ya miberoshi, na bila hiyo sherehe si sherehe. Zamani kila mtu alifukiza mlangoni kwake. Siku hizi kamati ya mtaa imetutengea yadi ya kiwanda cha zamani, mapipa ishirini, foleni moja, na bango la kukataza sigara.

Ndiyo. Moshi wa mapipa ishirini, na bango la kukataza sigara.

Nilifika saa moja asubuhi. Matawi niliyopewa yalikuwa mabichi, hayataki kushika, basi nikainama mdomoni mwa pipa nikipepea kwa kipande cha boksi, nikitupia maganda ya karanga na ya machungwa. Moshi mweupe ukanivaa. Mtu mwingine angekimbia. Mimi nimekaa kwenye boila miaka thelathini na moja, moshi kwangu ni kama mvuke wa chai. Nikainama pale kwa muda wa saa tano nzima.

Kaka Deng, tuliyefanya naye kazi kiwandani, akaja na mbavu zake za nguruwe na pakiti mkononi.

"Kaka Luo. Hongera ya mjukuu. Chukua."

"Nimeacha."

"Kila mtu ameacha. Chukua."

"Deng, kweli nimeacha. Tazama masikio."

Akayatazama masikio yangu, mbegu tano kila upande. "Umekuwa tikitimaji?"

"Ni dawa."

"Dawa ya masikio kwa ugonjwa wa mapafu. Na miguu ikikuuma watakuchoma kwenye pua?" Wenzake wakacheka. Deng hakucheka. Alikuwa bado amenyoosha mkono, na sigara iko pale, mbele ya watu wote. "Nimekuja kukupongeza kwa mjukuu, unaniachia mkono hewani. Hivyo ndivyo tulivyoishi?"

Kwetu sigara ya pongezi haikataliwi. Ukikataa umemkataa aliyekupa, na mjukuu umemnuia mabaya. Lakini pia si lazima uivute. Unaipokea kwa mikono miwili, unaishukuru, unaiweka nyuma ya sikio kwa baadaye. Nikafanya hivyo. Pakiti ya Deng ikazunguka, na mwingine naye akaja na ya kwake, akataka heshima ileile. Sikio la pili nalo likapata mzigo.

Sigara hizo zilinibonyezea mbegu za Daktari Qiu siku nzima. Labda ndiyo maana hamu haikunishika.

Saa sita nyama ilikuwa imeiva rangi, nyekundu yenye kung'aa, mafuta yakidondoka. Nilifurahi sana. Nikamwachia Deng anipelekee nyumbani kwa toroli, nikaenda moja kwa moja hospitali nisije nikachelewa. Sikubadili hata koti.

Mkwe wangu, Shen Kai, alikuwa ananisubiri mlangoni na simu mkononi. Kijana mpole, hajawahi kunikosea. Kwenye simu yumo Yaqin kwa picha, amekaa kitandani na kofia ya sufu. Mzazi hatoki nje hadi mwezi utimie, hata upepo wa dirisha hapewi, kwa hiyo hukumu yangu ilikuwa itasomwa kwa simu.

"Baba ananukia sikukuu," Shen Kai akasema, akijaribu kuwa mchangamfu.

Daktari Qiu alinyanyua kichwa. Ni mwanamke mfupi, sauti ndogo, lakini akikutazama unajikuta unanyoosha mgongo. Hakunisalimu. Alinyoosha mkono wake wa kulia nyuma ya sikio langu, akatoa sigara. Akanyoosha wa kushoto nyuma ya sikio la pili, akatoa nyingine. Akazilaza mezani mbele ya simu.

Nilikuwa nimezisahau kabisa.

"Baba," akasema Yaqin.

"Mwanangu, hizo ni za pongezi. Muulize Deng."

"Deng yule aliyekuwa anakununulia?"

"Nipulize kwanza. Kipimo kitasema."

Nikavuta pumzi, nikaishika sekunde kumi na tano kama inavyotakiwa, nikapuliza taratibu. Nilikuwa na uhakika kuliko siku zote nilizowahi kufaulu kwa uongo. Namba zikapanda. Tatu. Sita. Tisa. Zikasimama kwenye kumi na nne.

Nilikitikisa kile kidude, nikapuliza tena. Kumi na nne.

"Kimeharibika hiki."

"Mzee Luo," akasema Daktari Qiu, "wiki mbili zilizopita ulikisifu."

Yaqin hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alivuta shuka hadi kidevuni, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Baba, mimi sikutaka uache kwa ajili yangu. Nilitaka uwe mkweli kwa ajili yake basi. Kai, mpigie baba yako. Mwambie kesho atampakata yeye."

"Yaqin, nakuapia kwa marehemu bibi yako..."

"Usimwapie bibi."

Mnaona, ndugu wasomaji? Nilipokuwa navuta nilipigiwa makofi. Nilipoacha nikahukumiwa. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, lakini hawakutuambia kwamba akija kuwa mkweli anatembezwa njia ileile.

"Ni nyama," nikasema. "Ni moshi wa nyama. Nimeinama kwenye pipa tangu asubuhi."

"Pafukapo moshi pana moto, baba."

"Ndiyo, moto wa kukausha nyama ya sherehe ya mwanao."

Daktari Qiu akanishika bega, akanilaza kitandani, akaanza kunichoma, mbili masikioni, moja katikati ya nyusi, moja kila kifundo cha mkono. "Usitikisike," akasema. "Utulie kwanza, kisha tuongee." Kwa hiyo yaliyofuata yote niliyashuhudia nikiwa chali, nimepigiliwa kama ngozi inayokauka juani, yanayotembea ni macho tu.

"Anachosema kinawezekana," Daktari Qiu alimwambia Yaqin. "Moshi wa kuni una hewa ileile ya moshi wa sigara. Kidude hiki kinajua kiasi, hakijui kimetoka wapi. Tatizo ni kwamba, na Mzee Luo anisamehe, mtu mwenyewe tunamjua. Plasta zake pia zinapungua kabla ya siku. Nilidhani anabandika mbili mbili kufidia alizovuta." Akafikiri. "Kulikuwa na mtu mwingine pale kwenye pipa? Asiyevuta? Naye akipuliza juu, basi ni nyama."

Nikapitisha sura za yadini kichwani. Deng, pakiti mbili kwa siku. Wenzake Deng, mola awasaidie. Kama kuna mtu asiyevuta aliyekanyaga pale asubuhi ile, alikuwa nguruwe.

"Mama alikuwa naye," akasema Yaqin kwenye simu.

Nikageuza macho.

"Mama ametoka hapa saa moja na nusu," Yaqin akaendelea. "Hata mtoto hakumaliza kumwogesha. Alisema anakimbia yadini kumsaidia baba nyama."

Yadini Xiulan hakufika. Sikumwona kwa jicho wala kwa kivuli. Mimi aliniambia yuko kwa Yaqin, na Yaqin kamwambia yuko kwangu. Nikajua papo hapo: majong. Kwa Bibi Fu ghorofa ya tatu kuna meza ya mchezo huo wa vigae tangu asubuhi, na mke wangu akikaa kwenye meza ile hasikii hata kengele ya moto.

Ningeweza kusema. Lakini mume anayetaka kuzeeka kwa amani hamuumbui mkewe mbele ya mkwe. Nikasubiri kuzikwa.

Na mlango ukafunguliwa, akaingia mwenyewe. Kitambaa chekundu mkononi, sweta ya mikono mirefu, ganda la chungwa mdomoni, anahema kwa kupanda ngazi.

"Imekuwaje?"

"Kumi na nne," akasema Shen Kai.

Xiulan alinitazama pale nilipolala. Nilitegemea kutukanwa. Hakunitukana.

"Mama," Yaqin akasema, "daktari anataka na wewe upulize. Si ulikuwa na baba kwenye pipa? Kama ni moshi wa nyama, na wewe utakuwa nao."

Nilimwona akimeza lile ganda.

"Si ulikuwa naye, mama?"

"Nilikuwa wapi tena," akasema Xiulan. Kisha akaongeza, "Nipe nipulize."

Nikafumba macho. Kumbe ataniua kabisa. Mwanamke asiyevuta, aliyekaa asubuhi nzima kwenye majong kwa Bibi Fu mwenye kikohozi, ambako hata udi hauwashwi. Atapuliza moja. Atapuliza sifuri. Na mapafu yake safi ndiyo yatakayonitia kaburini, na Mzee Shen atakaa kwenye kiti changu na shati lake jipya.

Nikamsikia akipuliza.

"Kumi na sita," akasema Daktari Qiu.

Nikafumbua macho.

"Kumi na sita," akarudia, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akatabasamu. "Kumzidi hata mzee. Basi ni nyama. Mzee Luo, nakuomba radhi."

Yaqin alianza kulia. Alilia kwa kelele kama alivyokuwa akilia udogoni, machozi yanashuka hadi mdomoni. "Baba, nisamehe. Baba, siku ishirini na mbili, nami nimekuita mwongo. Kesho utampakata wewe. Kai, usimpigie baba yako."

"Nimeshampigia," akasema Shen Kai.

"Mpigie tena."

Nami nilikuwa nalia chali, machozi yananiingia masikioni yakipita kwenye sindano. Nilikuwa na furaha ambayo haina mfano. Kiti ni changu. Mjukuu ni wangu. Nimesema ukweli, na ukweli umenilipa. Nikamgeukia mke wangu nimshukuru.

Hapo akili yangu, ambayo siku zote huchelewa basi, ikafika.

Xiulan hakuwa yadini.

Kama hakuwa yadini, ile kumi na sita ameitoa wapi?

Alikuwa anamrudishia Daktari Qiu kidude chake. Aliponyoosha mkono, sweta ikapanda juu kidogo ya kifundo. Kwa ndani, mahali ambapo hakuna anayepaangalia, palikuwa na kitu cha mraba, rangi ya ngozi, ncha moja imejikunja. Juu yake pameandikwa kwa wino wa bluu, kwa mwandiko wangu mwenyewe wa mkono wa boila, kumi na tisa.

Aliona ninapotazama. Akaishusha sweta hadi vidoleni.

Kati ya wote tuliokuwa mle chumbani ni mimi peke yangu niliyeiona. Nikakumbuka pipa la mchele, na pakiti zangu zilizotupwa kwa stara. Nikakumbuka maganda ya machungwa, na kutupa takataka mara tatu kwa siku katika nyumba ya watu wawili. Miaka thelathini na minne tunalala kitanda kimoja, na sikuwahi kusikia harufu, kwa sababu harufu yangu ilizifunika zote. Kikulacho ki nguoni mwako, mama yangu alikuwa akisema. Safari hii simwapii, namkumbuka tu.

Sikuweza kumkasirikia. Mtu anayeiba plasta anataka kuacha. Alikuwa anapigana vita vilevile ninavyopigana mimi, ila mimi nilipewa sindano na makofi, na yeye, mwanamke wa kitambaa chekundu, alipigana chooni na dirisha wazi. Aliniomba kwa macho. Sijawahi kumwona Xiulan akiomba kitu.

"Baba," Yaqin akaniita, "mtazame mjukuu wako. Mianmian, msalimie babu."

Akamleta karibu na simu. Uso mdogo kama ngumi, nywele nyeusi zilizosimama, zile za kunyolewa kesho. Akafumbua jicho moja. Halafu akakohoa.

Ni kikohozi kidogo, kikavu, cha juma hili. Yaqin alililaumu koti langu, nami nikakubali kosa, ingawa koti langu halijavuka mlango wao tangu mtoto atoke hospitali. Supu ya kongoro nimekuwa naiacha kizingitini. Anayeingia ni mmoja. Anayemwogesha ni mmoja, anayemlaza kifuani hadi alale ni mmoja.

"Mama, ukitoka hapo pitia kwangu," Yaqin akasema. "Analala kwako tu, kwangu hataki."

Daktari Qiu alikuwa amekaa mezani na faili langu. Akanichomoa sindano za mikono, akaacha za masikio.

"Nimalizie maandishi, Mzee Luo, kwa sababu namba hii ni kubwa na lazima niandike imetoka wapi, na uweke sahihi." Akabonyeza kalamu. "Wewe na mkeo, nyote wawili, mlikuwa kwenye pipa la moshi. Ni kweli? Na yeye alifika saa ngapi?"

Nikisema ndiyo, nina kiti changu, na mke wangu ana heshima yake, na jioni hii atamlaza Mianmian kifuani. Nikisema hapana, Mzee Shen avae shati lake, na mimi nirudi nyumbani na mwanamke niliyemvua nguo mbele ya mwanawe.

Uongo wangu wote wa miaka arobaini na moja haukuwahi kuaminiwa kama huu utakavyoaminiwa.

Xiulan alikuwa ameshika mkono wake wa kushoto kwa wa kulia, pale penye plasta, amepakandamiza kama anayezuia damu. Kwenye simu mtoto alikohoa tena, na Yaqin akampigapiga mgongoni akimwambia basi, basi, bibi anakuja.

"Mzee Luo," akasema Daktari Qiu, "nakusikiliza."

Nikafungua mdomo, na mke wangu akaangalia chini.